Kebo Mbili, Mtaro Mmoja: Mafunzo Niliyopata Nikilinda Data Nairobi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota karibu Afrika Mashariki yote. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Wenye kebo hizo ni tofauti, na mashirika mengi ya Nairobi yalikuwa yakilipia zote mbili yakiamini kwamba moja ikilala nyingine itasimama. Kwenye karatasi yalikuwa na njia mbili. Chini ya bahari njia hizo zilipita mahali pamoja.

Kazi yangu ni hifadhi ya data. Nimetunza kwa miaka mitambo ya taasisi ya fedha yenye chumba kimoja cha seva katikati ya jiji na kingine Westlands. Mwanachama anayetoa pesa kwa simu saa nane usiku hajui kwamba vyumba hivyo vipo, na ndivyo inavyotakiwa. Watu wa mauzo hutuletea michoro ambayo kila kitu kimechorwa mara mbili: swichi mbili, kontrola mbili, laini mbili. Mimi huutazama mchoro nikiuliza jambo moja tu: hivi viwili vinategemea nini kwa pamoja? Mafunzo haya yote yametokana na swali hilo, ingawa hayakunijia kwa mpangilio huu.

1. Ifuate kebo kwa miguu

Kutoka katikati ya jiji hadi Westlands, faiba nyingi hufuata njia wanayofuata watu: Uhuru Highway, Museum Hill, kisha Waiyaki Way. Mto Nairobi umekata hapo katikati, kila kebo lazima iuvuke, na madaraja ni machache. Kampuni mbili zinazoshindana kwa mabango huenda zimekodi nafasi katika bomba moja chini ya daraja moja, na muuzaji aliyekaa mbele yako pengine hana habari.

Kati ya 2020 na 2022, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa kutoka Mlolongo hadi James Gichuru, kilomita 27 za kuchimba na kufukia, hilo lilitufikia mlangoni. Eskaveta ilishusha mkono mara moja na laini zetu zote mbili zikazimika kwa pamoja. Mikataba ilikuwa miwili, ankara mbili, namba mbili za kupiga ukiwa na malalamiko. Mtaro ulikuwa mmoja.

Tangu hapo sikubali mkataba bila ramani ya njia nzima, mlango hadi mlango, na nikiipata nashuka chini kuikagua. Vifuniko vya mashimo ya faiba kando ya Waiyaki Way vimeandikwa majina ya wenyewe. Ukitembea asubuhi moja ukivisoma, utajua zaidi ya utakachoambiwa ofisini. Laini yetu ya pili sasa inazunguka Ngara, inapita barabara ambayo wengi bado wanaiita Forest Road ijapokuwa ina jina la Profesa Wangari Maathai, kisha inaingia Westlands kwa upande wa Parklands. Ni ndefu zaidi na bei yake ni ya juu. Mhasibu wetu hajaizoea.

Mitaa ya magharibi ina yake. Kileleshwa, Lavington na Kangemi faiba nyingi zimening'inizwa kwenye nguzo za stima. Mvua ikiangusha mti juu ya nguzo, stima na mtandao huondoka kwa pigo moja: jenereta inanguruma vizuri, seva zinawaka, na hakuna anayeweza kuzifikia. Kwa matawi yetu ya huko niliweka kiungo cha redio juu ya paa, kisichogusa nguzo yoyote.

2. Usihesabu jenereta, hesabu kinachoendelea stima ikiondoka

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikazidiwa, megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na Wakenya wakapata kichekesho cha wiki. Mimi nilichoka kucheka mapema. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, taifa likazimika tena, na safari hiyo sehemu za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zikabaki gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi.

Jenereta ipo, basi. Swali ni nini kinafuata. Seva nzuri huja na pawasaplai mbili ili kila moja ichukue stima kutoka chanzo chake. Nimefungua kabati nyingi za seva hapa jijini nikakuta waya zote mbili zimechomekwa upande mmoja, kwa kuwa upande ule soketi zilikuwa karibu. Nyingine zimegawanywa vizuri kushoto na kulia, lakini ukizifuata hadi ukutani, zote zinatoka kwenye UPS moja.

Kinachosahaulika zaidi ni ubaridi. UPS hushika seva. Viyoyozi husubiri jenereta. Jenereta ikichelewa, seva zinaendelea kutoa joto katika chumba kilichofungwa ambacho hakuna tena kinachokipoza, na katika chumba kidogo joto hupanda kwa dakika, si kwa saa. Diski hufika mahali zikajizima zenyewe ili zisiungue. Ukija utakuta betri bado zina chaji na mfumo umelala.

Halafu kuna mwinuko. Mzee mmoja fundi wa jenereta, tulipokuwa tukipokea mashine mpya, alinitazama akaniuliza:

"Kijana, hii inatoa ngapi?"

"KVA 100, mzee. Imeandikwa hapo."

"Hizo ni za Mombasa. Hapa utapewa pungufu."

Alikuwa sahihi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoelekea Lavington na Karen ndivyo unavyopanda. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Piga hesabu uone KVA 100 zinabaki ngapi, kisha ukumbuke kwamba hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayopaswa kuondoa joto ndani ya seva. Na kama jenereta imekaa orofa ya chini ya ardhi, uliza maji yatatoka wapi. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 jengo la jirani yetu lilikuwa na jenereta mpya kabisa, iliyojaa maji hadi kwenye tangi.

3. A na B zisijuane

Kwa asiyejua, seva kubwa hazikai na diski zake. Katikati kuna mtandao wake maalumu wa swichi unaounganisha seva na makabati ya diski, na mtandao huo hujengwa mara mbili, upande A na upande B. Kila seva ina kadi mbili, moja kwa kila upande, na programu ndani yake huchagua njia iliyo hai.

Mkandarasi mmoja, kijana mchapakazi, aliwahi kuunganisha A na B kwa kebo moja fupi ili aweze kuzisimamia zote kwenye skrini moja. Kebo ya mita mbili. Kuanzia dakika ile hatukuwa na mitandao miwili. Tulikuwa na mmoja mkubwa, ambamo kosa lolote la kugawa kanda, yaani kupanga seva ipi ione diski zipi, lingesambaa kote.

Mkono wa binadamu nao ni kitu cha pamoja. Kwetu mabadiliko hufanywa upande A, yanaachwa wiki nzima, ndipo B iguswe. Anayeniambia tumalize zote leo kwa kuwa tayari tumeshakesha, namwambia aende kulala.

4. Diski zilizozaliwa pamoja hufa pamoja

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mwaka 1988 andiko lililoipa dunia RAID: panga diski za bei nafuu kwa kundi, gawanya data pamoja na hesabu ya ziada, na moja ikifa zilizobaki zinaweza kukokotoa kilichopotea. Hesabu hiyo hupendeza ikiwa kila diski inakufa kivyake.

Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitoa tahadhari kuhusu aina fulani za diski zake za SSD. Kasoro katika programu yake ya ndani ilizifanya zife zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data ndani yake isipatikane tena. Anayejua kompyuta ataitambua namba hiyo papo hapo: ni 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi na tano, mahali ambapo kihesabio kidogo hujaa. Sasa fikiria diski 24 ulizowasha asubuhi moja. Zina saa sawa. Hakuna hesabu ya RAID itakayokuokoa zote zikizimika ndani ya dakika chache.

Ninaponunua sasa, nadai diski za mafungu tofauti, na nazichanganya ndani ya kundi. Taarifa za programu za ndani nazisoma mwenyewe, siachi kwa muuzaji. Na kwa diski kubwa za kuzunguka situmii RAID 5: kuijaza upya diski ya terabaiti nyingi huchukua siku, na katika siku hizo zote zilizosalia hufanyishwa kazi kuliko zilivyowahi kufanyishwa. Ndio wakati wa diski ya pili kufa. RAID 6 huvumilia vifo viwili.

5. Hesabu umbali kwa mwanga

Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, sawa na maikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Kati ya vyumba vyetu viwili, hata faiba ikizunguka kilomita 12, kwenda na kurudi ni maikrosekunde 120. Hapo kila muamala unaweza kuandikwa pande zote mbili kabla ya mteja kujibiwa, na asihisi chochote. Mombasa, kwa kebo ya kilomita 500, ni milisekunde 5, na kuna itifaki zinazodai safari mbili kwa uandishi mmoja, hivyo 10. Kazi za hifadhidata zinazosubiriana, moja baada ya nyingine, zitashuka hadi 100 au 200 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, huo ni msongamano wa saa kumi na mbili jioni.

Kwa nini basi kuhangaika na Mombasa? Kwa sababu Westlands na katikati ya jiji hazifiki hata kilomita tano kwa mstari ulionyooka. Zina gridi moja, mvua moja, na siku ya siasa kuchafuka ni moja. Kwa hiyo Westlands huandikwa papo hapo, na pwani hufuata kwa kuchelewa kidogo. Kuchelewa huko lazima mkubaliane nako mapema. Wakurugenzi wakiambiwa "dakika tano nyuma" huitikia kwa kichwa. Wakiambiwa dakika tano za Ijumaa jioni zina miamala mingapi, maswali huanza.

Nje ya nchi ni hadithi nyingine. Seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani hadi Aprili 2015 zilipoletwa Kenya. Pesa iliyotumwa kutoka Kawangware kwenda Kangemi ilivuka bahari mara mbili. Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS nje ya Mombasa, siku chache tu baada ya kebo nyingine kukatika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hofu haikuwa ya vitabuni. Siku hizi sheria nayo imesema: kanuni za 2021 zilizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinataka aina fulani za data, ikiwemo ya malipo ya kielektroniki, zichakatwe Kenya au angalau nakala moja inayotumika ikae Kenya.

6. Shahidi asilale nyumba ya mshtakiwa

Faiba kati ya vyumba viwili ikikatika, kila upande huona mwenzake amekufa, na kila upande unaweza kujitwalia uongozi. Ukiruhusu hilo, akaunti moja itakuwa na vitabu viwili, vyote vinaandikwa. Kuvipatanisha baadaye ni kazi ya mkono, rekodi kwa rekodi, na wateja wakipiga simu.

Dawa ni shahidi: seva ndogo mahali pa tatu, isiyo na data, ambayo kazi yake ni kupiga kura upande upi uendelee. Nimekagua mifumo ambayo shahidi alikuwa ndani ya chumba kikuu, juu ya diski zile zile anazozitolea ushahidi. Wetu anakaa Karen, na kila chumba kinamfikia kwa laini isiyopitia chumba kingine.

7. Kilichofutwa huku kimefutwa na kule

RAID hukinga dhidi ya diski kufa. Kuandika pande mbili hukinga dhidi ya chumba kufa. Mtu akifuta jedwali kwa makosa, au mwizi akifunga mafaili yote na kudai fidia, mfumo huo mzuri wa funzo la tano utapeleka uharibifu Westlands kwa maikrosekunde 120.

Kampuni ya GitLab iliandika hadharani yaliyowapata tarehe 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, kisha wakagundua kwamba kati ya njia tano za kuhifadhi nakala walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Nawaheshimu kwa kulisema. Septemba 2025 moto ulichoma kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na terabaiti 858 za mafaili ya watumishi wa umma zikateketea, kwa sababu mfumo ule ulihesabiwa kuwa mkubwa mno kuwekewa nakala mahali pengine.

Nakala yetu ya mwisho iko kwenye tepu, haiunganishwi na kitu chochote, na akaunti inayoiandika si ile inayosimamia diski. Nenosiri moja likiibwa, lisifungue milango yote miwili. Na kila robo mwaka tunachagua mfumo mmoja bila kutangaza na kuurejesha wote kwenye mashine tupu, saa ikihesabiwa. Ripoti ya kijani inayosema "nakala imefanikiwa" inathibitisha kwamba kitu kimeandikwa. Kama kinasomeka, ripoti haijui.

8. Chumba kizima usichoweza kukifikia

Hili Nairobi imenifundisha kuliko mji wowote ambamo ningeweza kufanya kazi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu katika ubalozi wa Marekani, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, liliua zaidi ya watu 200. Jengo la Co-operative Bank lililokuwa jirani liliharibika na likachukua miaka kurudi kutumika. Septemba 2013 likawa shambulio la jengo la maduka la Westgate, Westlands. Jengo halikufunguliwa hadi Julai 2015. Januari 2019 likawa shambulio la 14 Riverside, mahali penye ofisi nyingi. Katika misiba hiyo watu ndio walipotea, na si heshima kuzungumzia diski kwanza. Lakini kila aliyekuwa na seva ndani ya mzingo wa polisi alijua siku ya pili kwamba mtambo unaweza kuwa mzima na bado usiwe wako.

Haihitaji hata kufika huko. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, barabara kuu za kuingia katikati ya jiji zilifungwa tangu alfajiri. Mwenzangu wa zamu, anayetokea Kikuyu, aliishia Kangemi. Alipojaribu kueleza kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, aliambiwa, "Boss, rudi nyumbani. Leo hakuna tao." Siku hiyo diski moja ya upande wa jiji ilikuwa imekufa usiku, na diski za akiba zilikuwa kwenye kabati hatua tatu kutoka hapo, bila mtu wa kuichomoa hii na kuchomeka ile.

Tulibadilisha mambo kadhaa. Kila kundi la diski sasa lina ya akiba iliyochomekwa tayari, inayoingia kazini yenyewe. Vipuri vimegawanywa vyumba vyote viwili. Kwenye zamu huwa kuna anayeishi mashariki ya jiji na anayeishi magharibi. Tunaingia kwenye swichi kutoka mbali kupitia modemu ya simu yenye laini ya mtandao mwingine, kwa sababu ukiwa unarekebisha mtandao uliokatika huwezi kutegemea mtandao huo huo ukufikishe. Na funguo na maneno ya siri hayako kichwani mwa mtu mmoja. Yako kwenye bahasha mbili zilizofungwa, na bahasha zenyewe haziko jengo moja.

9. Kila upande usivuke nusu

Mkurugenzi wa fedha huuliza kila mwaka kwa nini tunalipia mitambo ya Westlands "inayolala". Jibu la haraka ni kuiamsha: gawa kazi, kila chumba kibebe sehemu yake. Tulifanya hivyo na wote wakafurahi. Kisha kazi ikaongezeka, kila upande ukafika asilimia 70, na hakuna aliyegundua kwamba tumerudi kuwa na mfumo mmoja, kwa kuwa chumba kimoja hakiwezi kubeba 140. Kengele yetu sasa hulia upande wowote ukifika asilimia 45, na ikilia ni ombi la bajeti, si la fundi.

Bado kuna kitu ambacho vyumba vyetu vyote viwili vinategemea kwa pamoja: makabati ya diski ni ya chapa moja, yanaendeshwa na programu ya toleo moja. Kasoro kama ile ya saa 32,768 ingeyakuta yote. Nimeomba nakala ya pwani iwekwe kwenye mitambo ya chapa nyingine, yenye mafundi wengine na mkataba mwingine. Itatugharimu mafunzo mapya, na punguzo la bei tulilozoea kwa muuzaji wetu litaondoka. Bodi inakutana mwezi ujao.